Prosesa Ikigoma, Uliza Kwanza Imegonga Ukuta Upi

Kijana wa jirani aliingia sebuleni kwangu amekumbatia kompyuta yake ya mezani kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Ilikuwa Februari, Dar es Salaam, saa kumi na moja jioni, na kuta za nyumba zilikuwa bado zinatema joto la mchana.

"Shikamoo, anko. Mashine imenishinda."

"Marahaba. Imefanyaje?"

"Nimeipandisha mpaka gigahezi 4.6. Inawaka vizuri tu, lakini nikianza kutengeneza video inakuwa nzito, haiendi. Nimeongeza volteji mara tatu, bado."

Ndani mlikuwa na Core i5-2500K, prosesa ya mwaka 2011 aliyoinunua mtumba pamoja na ubao mama wake. Tuliiwasha, tukafungua programu ya kusoma vipimo, tukaipa kazi nzito. Kwa dakika tatu namba ilisimama kwenye 4.6. Ghafla ikaanguka hadi 1.6, ikakaa hapo sekunde kadhaa, ikarudi juu, ikaanguka tena. Joto la prosesa lilikuwa nyuzi 71. Prosesa hiyo hujipunguza mwendo yenyewe ikikaribia nyuzi 98, kwa hiyo si yenyewe iliyokuwa imeshindwa. Nikafungua ubavu wa kasha, nikaleta feni ya mezani, nikaielekeza pembeni mwa soketi, kwenye safu ya vipande vidogo vyeusi vinavyoigawia prosesa umeme. Namba ikapanda 4.6 na haikuanguka tena.

Volteji aliyoiongeza mara tatu ndiyo iliyokuwa inaiangusha mashine. Vile vipande vya kugawa umeme vilikuwa vinaungua, ubao ukawa unailazimisha prosesa ipunguze mwendo ili vipoe, na kila alipoongeza volteji alivitwisha mzigo mwingine.

Kosa hilo nimeliona kwa karibu kila anayeanza kuovakloki, yaani kuisukuma prosesa ipite mwendo uliowekwa na kiwanda. Mashine ikigoma, mkono unakwenda kwenye volteji. Hii inatokana na kudhani kwamba prosesa ina mwisho mmoja, na kwamba mwisho huo unasogezwa kwa kuongeza nguvu. Mwisho si mmoja. Upo wa silikoni yenyewe, upo wa joto, upo wa umeme unaofika kwenye prosesa, na upo wa RAM. Kila mmoja una alama zake, na dawa ya huu ni sumu kwa ule.

Tuanze na kinachotokea ndani. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo. Gigahezi 5 ni mapigo bilioni tano kwa sekunde, maana yake kila pigo limepewa nanosekunde 0.2 tu. Katika muda huo hata mwanga hausafiri zaidi ya sentimita 6. Ndani ya pigo moja ishara inapaswa kutoka kituo kimoja, ipite mlolongo wa transista, ifike kituo cha pili na kutulia kabla pigo lijalo halijapigwa. Njia hizo hazilingani urefu, na ile ndefu kuliko zote ndiyo inayoamua mwendo wa prosesa nzima. Kuovakloki ni kufupisha pigo. Ukilifupisha kupita kiasi, ishara ya njia ndefu inachelewa, kituo kinasoma thamani ya zamani, na kuanzia hapo prosesa inahesabu uongo.

Volteji inasaidia kwa sababu inazifanya transista zifunguke na kufunga upesi zaidi. Ila bei yake ni kali. Umeme unaoliwa hupanda sambamba na mwendo, lakini kwa volteji hupanda kwa mraba. Chukua ile 2500K, tuseme iko gigahezi 3.7 kwa volti 1.20, uipeleke 4.5 kwa volti 1.35. Mwendo umeongezeka kwa asilimia 22, umeme kwa asilimia 54. Endelea mpaka 4.8 kwa volti 1.45: umepata mwendo usiofika asilimia 7, na umelipa umeme zaidi kwa asilimia 23 nyingine. Hapo sijahesabu umeme unaovuja ndani ya transista hata zikiwa zimetulia, nao huongezeka kadiri silikoni inavyopata moto. Joto huleta uvujaji, uvujaji huleta joto.

Waliokuwa kwenye kazi hii miaka ya tisini hawakuyajua mahesabu haya kwa uchungu tunaoyajua sisi. Mwaka 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya megahezi 300. Kizidisho chake, yaani namba inayozidishwa na mapigo ya basi (njia kuu ya data kwenye ubao) ili kupata mwendo, kilikuwa kimefungwa kwenye 4.5, lakini ukibadilisha mapigo hayo ya basi kutoka megahezi 66 hadi 100, prosesa ilikwenda 450, na nyingi zilikwenda bila kulalamika. Nusu ya mwendo wake ikaongezeka bure. Haukuwa muujiza. Silikoni ile tayari ilikuwa inaweza, lakini soko la chini lilihitaji bidhaa yenye lebo ndogo, basi lebo ndogo ikabandikwa.

Nafasi ile haipo tena. Mwaka 1974 Robert Dennard wa IBM na wenzake walionyesha kwamba ukiipunguza transista ukubwa unaweza pia kuipunguzia volteji, hivyo joto kwa kila eneo la silikoni lisiongezeke. Viwanda vilikula matunda ya kanuni hiyo kwa miaka thelathini. Katikati ya miaka ya 2000 ikagoma, kwa sababu volteji ilikataa kushuka zaidi. Intel ilifikisha Pentium 4 kwenye gigahezi 3.8 mwaka 2004, na mwaka huohuo ikafuta mpango wa kuuza ya gigahezi 4. Ilipofika Machi 2024, Core i9-14900KS ilitoka kiwandani ikiwa na mwendo wa juu wa gigahezi 6.2. Miaka ishirini imeongeza gigahezi 2.4 tu, ilhali ya 2004 ilikuwa imepita Celeron ile zaidi ya mara kumi na mbili ndani ya miaka sita. Siku hizi kiwanda chenyewe kinaisukuma prosesa hadi karibu na ukuta kabla hujaifungua boksi, kwa ule mwendo wa kupanda na kushuka kufuatana na kazi. Akiba aliyoifaidi mwenye Celeron imeshauzwa, na iko ndani ya bei uliyolipa.

Ukuta wa silikoni unatambulika ukiwa na subira ya kuandika. Prosesa iko baridi, umeme umetulia, nawe unapanda hatua kwa hatua. Kutoka 4.3 kwenda 4.4 imetaka volti 0.02. Kutoka 4.4 kwenda 4.5 imetaka 0.03. Hatua inayofuata inataka 0.08 na bado inatetereka. Mstari wako uliokuwa unapanda kwa mteremko wa kawaida umesimama kama mnazi. Hapo ndipo njia ile ndefu ya ndani imefika mwisho, na mwisho huo hutofautiana kati ya prosesa mbili zilizotoka kwenye bati moja la silikoni siku moja. Ndiyo maana wenye kazi hii husema ni bahati nasibu. Wanaovunja rekodi huvuka ukuta huo kwa baridi isiyo ya dunia hii: mwaka 2011 AMD FX-8150 ilifikishwa gigahezi 8.429 na kuingia kwenye kitabu cha Guinness, na mwaka 2023 Core i9-14900KF ilipita 9 ikipozwa kwa heli ya kimiminika. Ni kazi ya kuheshimika, lakini prosesa katika hali hiyo haitengenezi video ya mtu.

Ukuta wa joto ndio rahisi kuuona na ndio unaotuhusu sana watu wa pwani. Kipoza joto hakijui nyuzi kamili. Kinachojua ni kuiweka prosesa juu ya joto la chumba kwa kiasi fulani. Kama kwa kazi fulani kinaiacha nyuzi 55 juu ya chumba, basi katika chumba cha nyuzi 22 utasoma 77, na katika chumba cha Tanga au Mombasa chenye nyuzi 33 utasoma 88. Vipimo vingi tunavyovisoma vimefanywa Ulaya na Marekani kwenye vyumba vya nyuzi ishirini na kitu. Anayenakili mipangilio yao neno kwa neno ameanza safari akiwa nyuma kwa nyuzi kumi. Nairobi kuna nafuu ya hali ya hewa, ingawa mita 1,700 juu ya bahari hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 15, na feni inayosukuma hewa nyepesi inabeba joto pungufu. Pwani tuna unyevu unaoligandisha vumbi kwenye mapezi ya kipoza mpaka linakuwa kama zulia. Nimewahi kupata nafuu kubwa zaidi kwa brashi ya rangi na pesti mpya ya kupitisha joto kuliko kwa kipoza kipya.

Dalili ya ukuta huu haifichiki: mwendo unashuka huku joto likiwa limefika kikomo cha prosesa, ambacho kwa nyingi za Intel ni nyuzi 100 au karibu yake, na kwa Ryzen 7000 nyingi ni 95. Ikiwa mwendo unashuka na joto liko mbali na hapo, acha kulilaumu joto la prosesa. Tafuta kwingine, kama tulivyotafuta jioni ile.

Kwingine huko mara nyingi ni umeme, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi hupotea. Pawa saplai hutoa volti 12. Prosesa inataka 1 na kitu. Kazi ya kushusha inafanywa na ule mpangilio wa vipande karibu na soketi, na kwa prosesa inayokula wati 150 kwenye volti 1.3, hiyo ni ampea zaidi ya 110 zinazopita katika eneo dogo kuliko kiganja. Ubao wa bei nafuu una vipande vichache na mara nyingi hauna hata bati la kuvipooza. Feni ya kiwandani inayopuliza chini juu ya soketi huvipoza bila wewe kujua. Ukiiondoa ukaweka kipoza kirefu kinachopuliza kwa ubavu, au cha maji, umeinusuru prosesa na umeviacha vipande hivyo vikavu. Kijana wangu alikuwa amefanya hivyo hasa. Ametumia pesa nyingi kwenye kipoza, na kipoza hicho ndicho kilichomfungulia tatizo jipya.

Kuna pia kushuka kwa volteji chini ya mzigo. Umeandika 1.35 kwenye bayosi, ile mipangilio ya ubao inayofunguliwa mashine inapowaka, lakini kazi nzito ikianza prosesa inapata 1.28. Mashine ikizima wakati wa kazi nzito tu, huenda volteji ya chini ya mzigo ndiyo iliyopungua, si ile uliyoiandika. Bayosi nyingi zina kipengele cha kufidia upungufu huo. Kitumie kwa kiasi. Ukikiweka juu kabisa, kazi nzito inapokatika ghafla volteji huruka juu kwa muda mfupi mno ambao programu ya vipimo haiuoni, lakini silikoni inauona. Na ikiwa mashine inagoma ikiwa imetulia, au unapofungua tu dirisha la kawaida, tatizo liko upande wa pili: volteji ya mwendo mdogo ndiyo isiyotosha.

Halafu namna mashine inavyoanguka inasema mengi. Ikizimika kabisa kama iliyochomolewa waya ukutani, tazama pawa saplai na umeme wa mtaani kwako kwanza, maana saplai iliyozidiwa hujikata yenyewe. Ikikuletea skrini ya bluu kwenye Windows, soma namba yake. 0x101 inasema kiini kimoja cha prosesa hakikuitikia pigo, na kwa aliyeovakloki mara nyingi ni volteji ndogo. 0x124 ni kosa la vifaa ambalo prosesa yenyewe imeliripoti. 0x1A inaelekeza kwenye kumbukumbu. Namba hizi ni kidole kinachoelekeza, hukumu bado ni yako, lakini kuzipuuza ni kama daktari kukataa kupima joto la mgonjwa.

RAM ndiyo msingiziwa mkubwa, au msingiziaji, inategemea siku. Wengi hawajui kwamba ule mpangilio wa haraka unaobonyezwa mara moja kwenye bayosi ili RAM ifike kiwango cha 3600 nao ni ovakloki. Unaichosha RAM, na unaichosha sehemu ya prosesa inayoiongoza. Kwenye Ryzen 5000 njia ya ndani inayounganisha viini na kumbukumbu hupenda kwenda sawa na RAM, na kwa nyingi uwiano huo unafika mwisho kwenye megahezi 1800 au 1900, yaani nusu ya namba inayoandikwa kwenye RAM. Mtu anapandisha prosesa na RAM usiku mmoja, mashine inaanguka, naye hajui amshtaki nani. Irudishe RAM kwenye mwendo wake wa kawaida kabla hujaigusa prosesa. Ukimaliza na prosesa, rudi kwenye RAM peke yake.

Hapo ndipo ninapokuwa mkali kwa wanaojifunza kwangu. Badilisha kitu kimoja, pima, andika. Daftari la shule la shilingi mia tano linatosha: tarehe, mwendo, volteji uliyoandika, volteji iliyosomwa chini ya mzigo, joto la prosesa, joto la chumba, na jinsi ilivyoanguka. Bila daftari unazunguka mbuyu.

Kisha kuna makosa yasiyoangusha mashine, nayo ndiyo ninayoyaogopa. Prime95, programu ya George Woltman ya kutafuta namba tasa kubwa, imekuwa kipimo cha mafundi kwa sababu hesabu zake zina ukaguzi ndani yake: ikikuta kosa la kukadiria limefika 0.5 wakati ilitarajia chini ya 0.4, inasimama na kukuambia. Mashine inaweza kuwa inacheza muziki na kufungua barua pepe bila shida, huku kiini kimoja kinakosea. Windows nayo huandika kwenye kumbukumbu zake za matukio makosa ya vifaa yaliyorekebishwa kimyakimya. Ukiyakuta yanaongezeka, umeshavuka mpaka hata kama hujaona skrini ya bluu. Faili iliyobanwa ikikataa kufunguka, jaribu kuifungua kwenye mashine nyingine kabla hujamlaumu aliyekutumia. Na kama unaweka hesabu za duka au picha za harusi za watu kwenye mashine hiyo, huna haki ya kusema "inaonekana iko sawa".

Kwenye Ryzen za karibuni kuna mtego mwingine. Volteji ikipungua sana prosesa haianguki. Inayarefusha mapigo yake kwa siri huku namba kwenye skrini ikibaki palepale. Unasoma 4.8, unapata kazi ya 4.5. Kwa hiyo pima kazi iliyomalizika kwa dakika, usipime namba.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa kuukosea ukuta uliwapata watu ambao hawakuovakloki chochote. Wenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 waliona michezo yao ikianguka na ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imejaa. Wengi wakaihangaikia kadi, ambayo haikuwa na kosa. Mwaka 2024 Intel ikathibitisha kwamba prosesa zilikuwa zinaomba volteji kubwa kupita inavyofaa, na silikoni ilikuwa inachakaa mpaka volteji ya zamani haiitoshi tena. Agosti mwaka huo ikatoa msimbo mdogo namba 0x129 wa kuzuia maombi ya zaidi ya volti 1.55, Septemba ukafuata 0x12B, na dhamana ikaongezwa miaka miwili. Prosesa zilizokwisha kuharibika msimbo haukuziponya. Ikiwa kiwanda kilichoiunda prosesa kinaweza kuumizwa na volteji, sisi tunaoiongeza kwa kubahatisha tuna sababu ya kuogopa. Uchakavu huo ndio unaoeleza pia kwa nini ovakloki iliyodumu mwaka mzima inaanza kutetereka siku moja bila wewe kugusa kitu.

Si kila mashine inafaa kuanza safari hii. Kompyuta za ofisi za mtumba zinazojaa kwenye maduka yetu nyingi zina prosesa za Intel zisizo na herufi K, na bodi zisizo za kundi la Z. Hizo kizidisho chake kimefungwa, na hakuna fundi wa kukifungua kwa hela yoyote. Atakayekuambia anaweza, mwache. Kwa AMD, Ryzen nyingi ziko wazi, ila bodi za chini kabisa za kundi la A haziruhusu.

Kwa mwenye prosesa mpya, msimamo wangu ni huu: achana na kupandisha. Punguza. Weka kikomo cha wati, shusha volteji kidogokidogo kwa vipimo vilevile nilivyovitaja, na katika chumba cha nyuzi 33 prosesa inayopata nafasi ya kupumua mara nyingi itashika mwendo wake wa juu kwa muda mrefu kuliko ile iliyosukumwa mpaka ikajipunguza. Mwenye prosesa ya zamani kama 2500K bado ana kitu cha kuvuna, mradi asimame mstari unapoanza kusimama.

Mashine ya kijana tuliiacha kwenye gigahezi 4.4 kwa volti 1.30, na feni ndogo iliyotolewa kwenye kasha bovu ikafungwa kwa nailoni ielekee vile vipande vyeusi. Mwendo ni pungufu kwa 0.2 kuliko alivyotaka, na video zake zinakamilika mapema kuliko zamani kwa sababu mashine haidondoki tena hadi 1.6. Nawe kama una mashine inayogoma, usiguse volteji leo. Fungua ubavu wa kasha, iwashie feni ya mezani, ipe kazi nzito, na uandike namba zote unazoziona kabla hujabadilisha hata moja.